Mhimili Mrefu wa Sukari

Kwa muda mrefu, ungeniuliza duka langu linaishi kwa kitu gani ningekujibu papo hapo: sukari. Gunia nililolifungua Jumatatu asubuhi, Ijumaa jioni nilikuwa nalikung'uta. Mtoto akitumwa dukani na shilingi 700 mkononi, anataka robo ya sukari. Mama anayekaanga maandazi mtaa wa pili alichukua kilo mbili kila alfajiri. Nilipofungua droo usiku kufunga hesabu, noti nyingi nilizijua zimetoka kwenye gunia lile, na kila nilipopata fedha ya ziada niliirudisha huko huko. Gunia la pili, gunia la tatu, mpaka mlango wa stoo ukawa haufunguki vizuri.

Duka lenyewe ni fremu moja Kihonda, Morogoro. Ninauza vyakula na mahitaji ya nyumbani: unga, mafuta ya kupima, sabuni, viungo, vinywaji, pampasi. Nilichokuja kukigundua kuhusu sukari nilikigundua usiku mmoja wa mwisho wa mwezi, kwenye daftari la hesabu la mwanangu, lile la visanduku. Nilichukua kila bidhaa kubwa nikaichorea mihimili miwili iliyosimama bega kwa bega, mmoja wa mauzo ya mwezi na mwingine wa faida. Kisanduku kimoja nilikihesabu shilingi 25,000. Mhimili wa mauzo ya sukari ulipanda visanduku 32 na nusu, nikalazimika kubandika karatasi nyingine juu ya ukurasa. Mhimili wa faida uliosimama pembeni yake haukujaza hata visanduku viwili.

Kisha nikachora viungo: binzari, pilipili manga, mdalasini, vile vipaketi vya shilingi 200 vinavyoning'inia kwenye kamba karibu na dirisha. Mauzo yake yalikuwa visanduku vitano na nusu, mhimili mfupi ambao kwenye daftari la mauzo sikuwahi kuutazama mara mbili. Faida yake ilikaribia visanduku viwili. Nilihesabu upya nikidhani nimekosea. Sukari ilikuwa imeniachia shilingi 43,800 kwa mauzo ya 814,800. Viungo viliniachia 42,000 kwa mauzo ya 140,000.

Namba hizo zote nilikuwa nazo tangu zamani. Zilikuwa zimeandikwa, kila moja kwenye ukurasa wake, na nilizipita kila mwezi bila kuziona. Ndiyo sababu ninakuandikia, ndugu yangu mwenye duka, nikusihi uchore. Hesabu ikikaa kwenye orodha, macho huenda kwenye namba kubwa na kuridhika. Ikichorwa, mhimili mrefu wa mauzo unasimama sambamba na mfupi wa faida, na huwezi kuutazama mmoja bila kuuona mwingine.

Kabla ya kushika rula, hata hivyo, hakikisha faida unayoichora ni ya kweli. Wenye maduka wengi ninaowafahamu huipata faida kwa kutoa bei ya kununulia kwenye bei ya kuuzia, basi. Nami nilifanya hivyo kabla ya usiku ule wa kuchora. Gunia la kilo 50 nililinunua kwa 125,000, yaani 2,500 kwa kilo, nikauza kilo 2,800. Kila kilo 300, mara 50, nikaandika faida ya 15,000 kwa gunia. Sasa tazama linavyofika dukani. Bajaji ilichukua 2,000 kulileta. Vifungashio vya kupimia robo na nusu vilimaliza 1,500 kwa gunia. Halafu kuna mzani. Ukipima robo mara mia mbili, mkono hauwezi kuwa sawasawa mara zote mia mbili. Punje chache zinazidi hapa, nyingine zinamwagika pale, na sisimizi nao wana sehemu yao. Kwa magunia matatu mfululizo niliandika kila kilichopimwa, nikakuta gunia linanipa kilo 48 na nusu hivi, si 50. Kilo 48 na nusu kwa 2,800 ni 135,800. Toa 125,000 ya kununulia, 2,000 ya bajaji na 1,500 ya vifungashio. Kinachobaki ni 7,300. Nilikuwa nikijihesabia zaidi ya mara mbili ya nilichopata, na kwa hesabu hiyo nilikuwa nikipanga ada za watoto.

Fanya hivyo hivyo kwa kila kinachopimwa: mafuta yanayoganda kwenye kuta za dumu, mchele unaopepetwa, mkaa unaoacha vumbi chini ya kiroba. Kwa bidhaa za paketi ni rahisi zaidi, lakini usisahau zilizoliwa na panya, zilizopitwa na muda na zile zilizochukuliwa na nyumba yako. Unga uliokwenda jikoni kwako uandike kama umeuzwa kwa bei uliyonunulia. Usipoandika, utaonekana kama wizi, na utaishia kumshuku bure kijana anayekusaidia.

Huna haja ya kuandika kila kibiriti kinachotoka. Kwa duka la mtu mmoja au wawili hilo halifanyiki, na wanaojaribu huacha baada ya siku tatu. Hesabu mzigo ulio dukani siku ya kwanza ya mwezi, andika kila unachonunua katikati, kisha hesabu kilichobaki siku ya mwisho. Ulichoanza nacho, ongeza ulichonunua, toa kilichobaki: hicho ndicho kilichotoka. Anza na bidhaa 20 zinazobeba duka, usianze na 150. Usiku mmoja wa kuhesabu mwanzoni mwa mwezi na mwingine mwishoni vinatosha.

Kodi ya fremu, mshahara wa msaidizi, ushuru wa taka na leseni usivigawe kwenye bidhaa kwa kukisia. Ukianza kusema sukari ibebe kiasi hiki cha kodi na sabuni kiasi kile, utaipendelea bidhaa unayoipenda. Mimi huijumlisha faida ya bidhaa zote kwenye mhimili mmoja mkubwa, kisha ninakata mstari wa kalamu nyekundu mahali gharama za duka zinapofika. Kilicho juu ya mstari ndicho cha kwangu.

Jokofu ni jambo tofauti, kwa sababu umeme wake una mwenyewe anayejulikana. Soda na maji vilinipa 71,000 kwa mwezi na niliviona vimefanya vizuri. Lakini jokofu lile linawaka usiku na mchana kwa ajili ya vinywaji peke yake. Kama nawe unalo, soma uniti za LUKU unapofunga duka, taa zote zikiwa zimezimwa na jokofu pekee likiwaka, kisha zisome tena asubuhi kabla ya kuwasha chochote. Gawa tofauti kwa saa zilizopita, uzidishe kwa 24. Mchana mlango unafunguliwa mara nyingi na joto ni kali, kwa hiyo ongeza kidogo. Kwangu ilikuja kama uniti tatu kwa siku, uniti 90 kwa mwezi, zilizonigharimu karibu 32,000. Toa na 3,000 ya chupa zilizovunjika, ile 71,000 inakuwa 36,000. Vinywaji bado vina faida na sitaviacha. Ila mhimili wake umerudi kwenye urefu wake halisi.

Ukishakuwa na faida ya kweli, chora kwa kufuata ukubwa. Bidhaa yenye faida kubwa ikae kushoto kabisa, inayofuata ifuate, mpaka ya mwisho. Usizipange kwa alfabeti wala kwa zilivyokaa kwenye rafu. Mpangilio huo wa kushuka ndio unaokuonyesha ni bidhaa ngapi zinazolibeba duka, na kwa kawaida ni chache kuliko ulivyodhani. Kwangu mimi mafuta ya kupima yalikuja mbele ya bidhaa zote kwa 76,440, madumu saba ya lita 20, kila moja likiacha 10,920. Kwa miaka nilikuwa nikiyachukia mafuta kwa sababu yanachafua meza.

Mhimili lazima uanzie kwenye sifuri, bila mjadala. Ukiuanzishia kwenye 30,000 ili kuokoa karatasi, faida ya 44,000 itaonekana mara mbili ya 37,000, na utafanya uamuzi kwa kudanganywa na kalamu yako mwenyewe. Wanaotumia Excel au Google Sheets kwenye simu wawe macho hapa, maana programu hizi wakati mwingine huchagua zenyewe mahali pa kuanzia. Kompyuta na simu zinasaidia sana, hasa bidhaa zikiwa nyingi, lakini mbele ya daftari la visanduku hazina siri ya ziada. Kwa mwezi wa kwanza ningekushauri uchore kwa mkono. Mkono unaopandisha mhimili kisanduku baada ya kisanduku unaikumbuka namba.

Watu wengi hupenda ile chati ya duara lililokatwa vipande kama chapati. Inapendeza, na benki na miradi wanaipenda kwenye taarifa zao. Kwa duka siipendekezi. Mwaka 1984 Wamarekani wawili, William Cleveland na Robert McGill, walichapisha majaribio waliyofanya kuhusu namna watu wanavyosoma grafu, na ikaonekana jicho la mtu hulinganisha urefu unaoanzia mstari mmoja kwa usahihi zaidi kuliko linavyolinganisha pembe. Jaribu mwenyewe: chora duara lenye vipande kumi vya bidhaa, umuulize jirani kipi kikubwa kati ya sabuni na mchele. Kisha mchoree mihimili uone kama atasita.

Sasa nije kwenye mchoro ulioniokolea fedha nyingi zaidi kuliko wowote, na ulizaliwa na kosa langu.

Muuzaji mmoja wa jumla alinipa ofa ya pampasi: chukua katoni kumi, upate moja bure. Pampasi zina faida nzuri. Katika kila shilingi 100 ya mauzo, 20 ni yangu, wakati sukari inaniachia tano na kidogo. Nilizichukua. Kwenye mihimili yangu ya mwisho wa mwezi pampasi zilionyesha faida ya 30,000, si haba, nikajipongeza. Lakini mwezi uliofuata nilikosa fedha ya kufuata mzigo wa unga, nikaanza kukopa kwa shemeji yangu, na sikujua fedha imekwenda wapi. Ilikuwa stoo, imekaa juu ya magunia, ndani ya katoni za pampasi zenye thamani ya 400,000.

Mihimili ya faida haikuweza kuniambia hilo, kwa sababu haiulizi fedha imekaa kwenye mzigo kwa muda gani. Kwa hiyo nikachora kitu kingine. Piga mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama. Kwenye mstari wa kulala andika mara ambazo mtaji wa bidhaa umezunguka mwezi huo: umenunua, umeuza ukaisha, umenunua tena. Kwenye mstari wa kusimama andika faida inayopatikana katika kila shilingi 100 ya mauzo. Kila bidhaa inakuwa nukta moja. Sukari yangu ilikaa kulia, chini: imezunguka mara sita, faida tano na kidogo. Mafuta yalikaa kulia zaidi, yakizunguka mara saba kwa faida ya karibu kumi na moja. Viungo vilikaa juu, mara nne, faida 30. Pampasi zilikuwa juu pia, lakini zimejibana kushoto kabisa karibu na mstari wa kusimama, kwa sababu katika mwezi mzima haikuisha hata theluthi ya zilizokuwa stoo.

Mzigo unaododa una mahali pake kwenye mchoro huo, na utaujua kabla hujaguswa na njaa ya mtaji. Nikahesabu kwa njia nyingine kupata uhakika: kila shilingi 100 niliyoilaza kwenye bidhaa imenirudishia faida gani kwa mwezi? Ukiacha magunia ya akiba, gunia la sukari linameza 128,500 kwa mkupuo, na gharama zake zote humo, kisha fedha hiyo hiyo inazunguka mara sita na kuleta 43,800. Hiyo ni kama 34 kwa kila 100. Mafuta yanaleta 84. Viungo, vinavyolaza 24,500 tu kwa wakati mmoja, vinaleta 171. Pampasi, pamoja na faida yake nzuri ya kila paketi, zinaleta saba na nusu.

Sikuziacha pampasi, kwa sababu wenye watoto wachanga mtaani kwangu ni wengi na sitaki watembee mpaka barabarani. Nilichofanya ni kufungua paketi na kuziuza moja moja, kwa kuwa mzazi mwenye shilingi 500 jioni hawezi kununua paketi nzima, na kununua katoni moja kwa wakati badala ya kumi. Nukta yake ikaanza kusogea kulia. Ofa za jumla siku hizi nazipima kwa mchoro huo kwanza: bidhaa iliyo kushoto siichukulii ofa, hata ningepewa mbili bure.

Usifanye haraka, hata hivyo, kuitupa bidhaa iliyo chini. Nilipoona faida ya sukari ilivyo ndogo, wazo la kwanza lilikuwa kuipunguza iwe nusu gunia kwa wiki. Kabla ya kufanya hivyo, kwa siku saba niliweka karatasi kaunta, na kila mteja wa sukari aliponunua kitu kingine pamoja nayo, nilipiga alama kwenye jina la kitu hicho. Nilichora alama zile kama mihimili ya kulala. Zaidi ya nusu ya wateja wa sukari waliondoka na kitu kingine: majani ya chai kwanza, mkate, halafu viungo vile vile vilivyonishangaza. Mteja anaamka akiwaza sukari, haamki akiwaza mdalasini. Sukari ndiyo inayomleta, na akikuta haipo atakwenda duka la mbele na kununua kila kitu huko. Kwa hiyo sukari imebaki, kamwe isikose. Kilichopungua ni magunia ya akiba yaliyokuwa yakikaa stoo bila sababu, maana duka la jumla lipo karibu na mzigo naweza kuufuata mara mbili kwa wiki. Fedha iliyotoka hapo ilikwenda kwenye mafuta, viungo na majani ya chai ya paketi ndogo. Vipaketi vya viungo vimehamia kaunta, usawa wa macho ya mtu anayesubiri sukari ipimwe.

Mchoro, kwa maneno mengine, unakuonyesha mahali pa kuuliza. Jibu liko kwa wateja wako, nawe ndiye unayewajua.

Kuna na mchoro wa miezi, ambao ni mistari miwili tu: bei unayonunulia na bei unayouzia, mwezi baada ya mwezi. Aliyetuachia mchoro wa aina hii ni Mskoti aitwaye William Playfair. Katika kitabu chake cha mwaka 1786, kilichochapishwa London, alichora biashara ya Uingereza na nchi nyingine kwa mstari mmoja wa mali zilizoingia na mwingine wa zilizotoka, kisha akapaka rangi nafasi iliyo katikati yake ili msomaji aone papo hapo ni lini nchi ilipata na ni lini ilipoteza. Hata ile mihimili tuliyochora shuleni imo katika kitabu hicho. Nafasi ya katikati, ndiyo ninayotaka uitazame.

Mwanzoni mwa 2024, mvua nyingi zilipovuruga uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika nchini, bei ya jumla ilipanda wiki hadi wiki. Serikali ilitangaza bei elekezi, na wateja nao walikuwa wameizoea bei ya zamani, kwa hiyo bei ya kuuzia haikuweza kukimbia kama ya kununulia. Mistari yangu miwili ilisogeleana mpaka ikakaribia kugusana. Mauzo ya sukari kwa shilingi yalikuwa makubwa kuliko mwezi wowote, kwa sababu kila kilo ilikuwa ghali, na mwenye kutazama mauzo peke yake angedhani ni msimu wa neema. Nafasi kati ya mistari ilikuwa imebaki uzi. Katika kipindi kama hicho mwenye mtaji mdogo anaweza kuuza kutwa nzima na kushindwa kulinunua gunia linalofuata. Nilinunua kwa kiasi cha wateja wangu wa kila siku, nikamwomba mama wa maandazi alipe taslimu, na akanielewa baada ya kumwonyesha mistari ile.

Unapolinganisha miezi, linganisha inayofanana. Mwezi wa Ramadhani, ambao kwangu sukari, tende, tambi na unga wa ngano hutoka maradufu, ulinganishe na Ramadhani iliyopita, si na mwezi uliotangulia. Na kwa kuwa Ramadhani husogea nyuma kama siku kumi au kumi na moja kila mwaka, usije ukashangaa mbona mauzo ya Machi mwaka huu hayafanani na ya Machi miaka mitatu iliyopita. Iandike juu ya mchoro kabisa. Januari ya madaftari ya shule nayo iandike, na wiki ambayo barabara ilikuwa ikichimbwa mbele ya duka.

Nimeacha deni mpaka sasa kwa sababu linauma. Mihimili yote niliyokueleza inachukulia kwamba kilichouzwa kimelipwa, na sote tuna daftari la madeni chini ya kaunta. Mwezi wa tatu wa kuchora niliamua kuigawa mihimili ya mauzo kwa rangi mbili: kalamu ya bluu kwa kilicholipwa, nyekundu kwa kilichokopwa. Sukari ilikuwa karibu yote bluu. Viungo vyote bluu, nani atakopa shilingi 200. Unga wa sembe ulikuwa na nyekundu zaidi ya theluthi. Ina maana yake: unga ndio chakula chenyewe, na mshahara ukiisha tarehe 20 mtu anakopa ugali kabla ya kukopa kitu kingine. Wengi wanalipa tarehe mbili au tatu, na siwezi kumnyima unga jirani mwenye watoto. Lakini faida ya unga ni ndogo, na mfuko mmoja usiolipwa unakula faida ya mifuko mingi iliyolipwa. Hesabu yako ifanye hivi: mfuko ulionunua kwa 30,000 ukakuachia 2,000, ukipotea mmoja unahitaji kuuza mingine 15 kurudi pale ulipokuwa. Baada ya kuona wekundu ule niliweka kikomo kwa kila nyumba, kiasi ninachoweza kukipoteza bila duka kuyumba, na sikukipandisha tena hata kwa ndugu.

Kama wewe pia ni wakala wa fedha za simu, ichore kamisheni kama bidhaa nyingine yoyote. Ina nukta yake, ina mtaji wake uliolala ambao ni floti na fedha taslimu ya droo, na ina wateja inaowavuta. Wengi huiona ni fedha ya bure kwa kuwa haina gunia. Ipime kwa kila shilingi 100 uliyoilaza humo, sawasawa na pampasi.

Usichore kila kitu. Mihimili ya mauzo na faida kila mwisho wa mwezi, nukta za mzunguko kila miezi mitatu, mistari miwili kwa bidhaa tatu au nne ambazo bei zake hazitulii. Tumia kisanduku kile kile kwa thamani ile ile mwezi hadi mwezi, la sivyo huwezi kuweka kurasa mbili sambamba. Andika tarehe juu. Kosa ulilolikuta likate kwa mstari mmoja bila kulifuta, ili mwakani ujue ulifikiri nini. Na msaidizi wako mshirikishe. Kijana wangu alipouona mchoro wa viungo, kesho yake alianza mwenyewe kuwauliza wateja wa sukari kama binzari ipo nyumbani, jambo ambalo nilikuwa nimemwambia mara nyingi bila mafanikio.

Michoro yangu sasa iko kwenye karatasi ya manila, nyuma ya mlango wa stoo. Mwanzoni niliibandika ukutani, nyuma ya kaunta, nikijivunia. Siku ya pili mteja wangu mmoja wa zamani aliusoma mhimili wa mafuta kwa utulivu, akanigeukia na kuniambia, "Kumbe unapata hivi? Basi leo nipunguzie." Nilimpunguzia mia, nikaibandua karatasi jioni hiyo hiyo.